Kikao cha Tovuti ya Mzee Fabian

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Fabian alipiga pasi shati jeupe. Alilivaa, akachukua daftari na kalamu mbili. Kisha alikwenda kukaa barazani, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Alikuwa na miezi saba tangu astaafu. Kwa miaka ishirini na minane alifanya kazi bungeni, kwenye ofisi inayoandika kila neno linalosemwa na waheshimiwa. Wao walisema, yeye akaandika. Walitaniana, akaandika. Waligombana, akaandika zaidi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na sikio lake lilikuwa kali. Wenzake walimwita Mzee wa Nukta.

Sasa alikaa nyumbani kwake Msalato, akitazama vumbi la barabarani. Simu yake ilinyamaza. Wakati mwingine aliizima na kuiwasha tena, ahakikishe kwamba haijaharibika. Haikuwa imeharibika. Ni kwamba hakuna aliyemhitaji, na jambo hilo lilimwuma kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Jumatatu moja simu ikaita. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka.

"Shikamoo Mzee Fabian."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Violeth. Nipo kwenye shirika linaloandaa vikao vya wakulima na wafugaji kule Chemba. Wamekuwa wakigombania malisho na maji. Tunataka wakae, wazungumze, na kila kikao kiandikwe vizuri. Tunatafuta mwandishi wa mihtasari, kikao kimoja kila mwezi, kwa mwaka mzima."

Mzee Fabian alisimama bila kujua amesimama.

"Kazi hiyo naiweza," alisema.

"Tumeambiwa hivyo. Ila tuna majina matatu. Kamati itakaa Ijumaa saa nane mchana. Tutumie anwani ya tovuti yako kabla ya hapo, tuone mifano ya kazi zako. Tovuti unayo?"

"Bila shaka," alijibu Mzee Fabian, kama mtu mwenye tovuti tatu kabatini.

Simu ilipokatika, alikaa tena. Neno tovuti alikuwa ameliandika bungeni mara nyingi sana. Alijua kulitamka na kulipanga kwenye sentensi. Tovuti yenyewe inatengenezwa na nini, hakujua hata chembe. Na sasa alikuwa na siku nne.

Alimwita mkewe. "Mama Lea! Leo saa kumi na moja kuna kikao."

Frida alishusha pumzi. Katika nyumba ile hakuna jambo lililoamuliwa hivihivi. Kununua mbuzi, kikao. Kuhamisha banda la kuku, kikao. Mzee Fabian aliishi na bunge muda mrefu mno, hata likahamia nyumbani kwake. Mwenye hoja alisimama, na mwenye kupinga alisimama pia. Mzee Fabian alikaa mezani, akawa spika na mwandishi kwa wakati mmoja.

Saa kumi na moja jioni wakakusanyika barazani. Alikuwapo Frida, anayesaga karanga na kuuza siagi yake. Alikuwapo Lea, binti yao, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwapo na Octavian, mdogo wake Frida, fundi wa simu anayeishi nao.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Mzee Fabian. "Lea, wewe ndiye msomi. Toa maelezo."

"Baba, si niseme tu nikiwa nimekaa?"

"Simama, Mheshimiwa."

Lea akasimama, simu mkononi.

"Mheshimiwa Spika, siku hizi kutengeneza tovuti hakuhitaji kujua lugha za kompyuta. Unatumia mfumo wa kuendesha tovuti. Mfumo unakupa ukurasa mtupu. Unaandika, unabonyeza, watu wanasoma. Ukitaka kubadilisha kitu, unabadilisha mwenyewe. Mingi ni ya bure."

"Mingi ni mingapi?"

"Mamia."

"Mamia!" Kalamu ya Mzee Fabian ilisita hewani.

"Upo wa maduka na upo wa shule. Upo wa magazeti. Upo unaotaka hifadhidata, upo usiotaka. Na huu hapa una nyongeza zaidi ya elfu hamsini. Nyongeza ni kipande cha programu unachopachika ili tovuti ifanye jambo jipya."

Mzee Fabian aliandika yote. Hakuelewa hata nusu yake, lakini mkono haukusimama. Hiyo ilikuwa sifa yake tangu zamani, na siku hiyo ilikuwa balaa.

Octavian akaruka juu. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Huo wa elfu hamsini ndio wenyewe. Shemeji, wewe ni mtu mzito. Utawekaje tovuti ya kimasikini? Naomba kuleta marekebisho. Iwekwe nyongeza ya muziki, na picha zinazotembea."

"Na mimi nina marekebisho," alisema Frida. "Kama ni bure, iwekwe na sehemu ya kuuzia siagi ya karanga."

"Na kisanduku cha kuongea na wageni papo kwa papo," alisema Lea, ambaye sasa alikuwa amenogewa.

"Na kalenda," alisema spika mwenyewe. "Na saa. Na hali ya hewa ya Chemba."

Marekebisho yote yaliafikiwa. Nani angepinga kitu cha bure?

"Wanaoafiki mfumo wenye nyongeza elfu hamsini waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo."

Kimya.

"Naona walioafiki wameshinda," alisema Mzee Fabian, akapiga mstari chini ya uamuzi huo. Alilala akiwa na matumaini makubwa.

Jumanne Lea alitafuta mtandaoni mahali pa bure pa kuweka tovuti. Alipata. Akaupachika mfumo mkubwa hapo, akaweka picha ya baba yake akiwa na tai. Octavian alikaa pembeni, akipachika nyongeza moja baada ya nyingine. Hadi jioni zilifika kumi na moja.

"Tayari, Baba! Njoo uone."

Mzee Fabian alivaa miwani. Akaona picha yake. Juu ya picha, kwa herufi kubwa nyekundu, palikuwa na tangazo la dawa ya nguvu za kiume.

"Yesu wangu!" alisema Frida, akaufunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalitikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama analia au anacheka.

"Nani ameandika hivyo?" aliuliza Mzee Fabian. "Lea, mimi nimesema hivyo wapi? Kwenye kumbukumbu za kikao hakuna!"

"Si sisi, Baba. Ni wale waliotupa mahali pa bure. Wanaweka matangazo yao."

"Waambie watoe."

"Hawatoi hadi ulipie."

"Sasa si ulisema ni bure?"

Lea alikuna kichwa. Kweli alisema bure, na kweli ilikuwa bure. Hata yeye sasa hakuelewa bure maana yake nini.

Jumatano mambo yaliharibika kabisa. Tovuti ilipofunguliwa kwenye simu ya Mzee Fabian, kwanza ulilia muziki. Kisha kalenda ikafunika picha. Kisha kisanduku cha kuongea kikafunika kalenda. Bando likaisha kabla maandishi hayajatokea. Octavian akaongeza nyongeza ya kumi na mbili, ambayo ilikuwa ya kuharakisha zile kumi na moja. Ukurasa ukawa mweupe. Pakabaki mstari mmoja tu: "Imeshindikana kuunganisha na hifadhidata."

"Hifadhidata ndiyo nini?" aliuliza Mzee Fabian.

"Ni pale yanapohifadhiwa maneno yote," alisema Lea.

"Sasa maneno yangu yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi, mwanangu?"

Lea akaangalia saa. Kesho yake alikuwa na mtihani, na macho yalikuwa yamemvimba kwa uchovu. Akaomba radhi, akaenda kusoma. Octavian akakumbuka kwamba ana simu ya mteja dukani.

Mzee Fabian alibaki na daftari lake. Alikuwa ameandika maswali ishirini na saba. Kila jibu alilopata lilizaa maswali mawili. Alijiona mzee kuliko umri wake. Alishika simu, akatafuta namba ya Violeth. Alitaka kumwambia kwamba amejitoa.

Frida alitokea na bakuli la mlenda. "Unampigia nani?"

"Yule binti wa Chemba. Nimwombe radhi. Mimi na vitu hivi basi."

"Weka simu chini, Baba Lea." Frida hakutaka kikao safari hii. "Nilivumilia miezi saba kukuona unapiga pasi shati la kukaa nalo barazani. Juzi ulisimama kupokea simu, nikamwona mume wangu tena. Kesho nenda mjini kwa Rubina."

"Rubina yupi? Wa kadi za harusi?"

"Huyo huyo. Wana tovuti ya duka. Mimi naifungua kwa simu yangu hii mbovu, na inafunguka hata bando likiwa linakata roho. Haina muziki wala saa. Kamuulize amefanyaje."

Alhamisi asubuhi Mzee Fabian alishuka mjini na shati lake jeupe. Duka la akina Rubina lilikuwa jirani na soko la Majengo. Waliuza madaftari na kalamu, wakatoa nakala na kuchapa kadi. Mzee Fabian alikuwa mteja tangu enzi za babu yake Rubina. Rubina mwenyewe sasa alikuwa na miaka thelathini na kidogo, na ndiye aliyeendesha duka.

"Shikamoo, mzee wangu. Umepotea!"

"Marahaba, mwanangu. Nimepotea kweli, tena nimepotelea ndani ya tovuti."

Rubina alicheka, akamvutia kiti. Mzee Fabian akafungua daftari ili asome swali la kwanza. Rubina akaliomba, akaanza kusoma kumbukumbu zote za kikao tangu mwanzo. Alisoma polepole, na kila baada ya mstari alitabasamu.

"Mzee, umeandika vizuri sana. Ni kama nimekaa nanyi barazani, nikiwa hapa hapa dukani. Ila kuna jambo silioni."

"Jambo gani? Mimi siachi kitu."

"Kila mmoja amesema anataka kuweka nini. Hakuna aliyeuliza tovuti ni ya nani, yaani nani ataisoma."

Mzee Fabian alichukua daftari. Alipitia ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni kweli. Watu wanne walizungumza saa nzima na swali hilo halikuulizwa.

"Ni ya kamati ya Violeth," alisema hatimaye.

"Na wanataka kuona nini?"

"Mimi ni nani. Kazi yangu ikoje. Na namba ya kunipata."

"Basi hizo ni kurasa tatu. Sasa niambie, kurasa tatu zinahitaji nyongeza elfu hamsini za nini?"

Mzee Fabian aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, mimi bado sijaelewa hata kitu chenyewe. Kila mtu ananitajia majina. Mfumo, hifadhidata, mahali. Kichwa kinaniuma."

"Tuanze na kiwanja," alisema Rubina. "Pale Msalato una kiwanja?"

"Ninacho."

"Kina namba, ili mtu asipotee?"

"Kina namba."

"Na juu yake umejenga nyumba. Tovuti nayo ina vitu vitatu. Kuna anwani, ndiyo kama namba ya kiwanja. Kuna mahali kwenye mtandao inapokaa, ndiyo kiwanja chenyewe. Na kuna mfumo, ndio unaojengea. Ninyi mlipigia kura mfumo tu. Kiwanja mkaokota cha kwanza mlichokiona, na mwenye kiwanja akapaka matangazo yake ukutani kwenu."

"Alisema ni bure!"

"Ni bure ya namna yake. Anakula kwenye matangazo. Mzee, neno bure lisikupumbaze. Mfumo unaweza kuwa wa bure kabisa, wenye kuutengeneza wameutoa kwa watu wote, lakini kiwanja kikawa cha kulipia. Au kila kitu ni bure mwezi mmoja tu, kisha unaambiwa ulipe la sivyo wanafunga. Au ni bure lakini siku ukitaka kuhama, maneno yako hayatoki. Kabla hujajisajili, soma masharti. Uliza inalipiwa na nini, itaisha lini, na kama unaweza kuondoka na vitu vyako."

Mzee Fabian aliandika. Safari hii alielewa alichoandika.

"Na ile hifadhidata? Maneno yangu yako wapi?"

Rubina alinyoosha mkono, akaonyesha stoo nyuma ya duka. "Mfumo mkubwa unaweka maneno yako stoo, na kuna mtunza stoo. Kila mgeni akija, mtunza stoo anakwenda kutafuta, anapanga ukurasa, anauleta. Duka kubwa bila mtunza stoo haliendi. Lakini siku asipopatikana, mgeni anakuta mlango tu. Ndio ule ukurasa mweupe uliouona. Maneno yapo ndani, ila hakuna wa kuyaleta."

"Kwa hiyo mifumo mikubwa ni mibaya?"

"Hapana! Ukiwa na gazeti, au shule yenye walimu arobaini wanaoandika kila siku, chukua mkubwa, na uwe na fundi wa kuutunza. Wewe ni mtu mmoja. Kwako kuna mifumo midogo ya bure. Haina hifadhidata. Kila ukurasa ni faili lake, kama karatasi kwenye rafu hii. Unalichukua, unalisoma, unalirudisha. Duka letu linatumia huo."

Majina ya mifumo hiyo siyaandiki hapa. Majina yanabadilika kila mwaka, na msomaji atakwenda kutafuta jina badala ya kutafuta kinachomfaa. Maswali aliyouliza Rubina hayabadiliki.

"Utajuaje kwamba mfumo mdogo ni mzuri?" aliuliza Mzee Fabian. "Kama ni mamia?"

"Angalia kama wenye kuutengeneza bado wanautunza. Ukiona marekebisho ya mwisho ni ya miaka mitano iliyopita, pita. Angalia kama una maelezo unayoyaelewa, na watu wa kuwauliza. Halafu ujaribu. Andika ukurasa mmoja, kosea makusudi, usahihishe. Ukishindwa kusahihisha bila kumwita Lea, huo si wako."

"Kwa simu?"

"Kwa simu hiyo hiyo yako."

Rubina aliwasha kompyuta ya dukani. Waliangalia mifumo miwili midogo. Wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini maelezo yake yalimshinda Mzee Fabian. Wa pili ulikuwa na kisanduku cha kuandikia na kitufe cha kuhifadhi. Mzee Fabian akaandika jina lake, akakosea makusudi kama alivyoambiwa. Akatafuta pa kusahihishia. Alibonyeza kusiko, akarudi nyuma, akauliza, "Hapa?" Rubina akafunga mdomo, hakumsaidia. Akabonyeza tena. Jina likanyooka.

"Nimeweza!" alipaza sauti, hata mteja aliyekuja kutoa nakala akageuka.

Wakatafuta kiwanja cha bure kisicho na matangazo. Nafasi yake ilikuwa ndogo, na anwani ilibeba jina la mwenye kiwanja mwishoni. Rubina alisema inatosha kwa kuanzia. Baadaye akitaka jina lake mwenyewe linaloishia na tz, atalilipia kila mwaka. Akamwonyesha pia namna ya kunakili mafaili yote kwenye flashi, na namna ya kupokea marekebisho ya mfumo yakitoka.

"Na neno la siri liwe refu. Lisiwe jina la mama Lea."

Mzee Fabian, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika F-r-i, akafuta.

Ikabaki mifano ya kazi. Mzee Fabian alitoa bahasha yenye mihtasari ya kikundi kimoja alichokiandikia kabla hajastaafu kama msaada. Alitaka kuiweka yote. Alipofika kwenye skana, mkono ukasita.

"Vipi?" aliuliza Rubina.

"Humu kuna watu wamesema mambo ya nyumba zao. Waliyasema kikaoni, mbele ya wenzao. Hawakuyasema kwa dunia nzima." Akairudisha bahasha kwenye mfuko. "Hili sihitaji kufundishwa. Bila ruhusa yao siweki."

"Sasa utaweka nini? Kesho ni Ijumaa."

Mzee Fabian alitazama daftari lake. Alikuwa na kikao kimoja tu ambacho wajumbe wake wote angeweza kuwaomba ruhusa kabla ya jua kuzama. Kilikuwa kikao cha aibu. Alifikiri kwa muda, kisha akajipa moyo.

Jioni ile Frida, Lea na Octavian walikubali, Octavian kwa shingo upande. Ijumaa saa nne asubuhi tovuti ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kazi ulikuwa na muhtasari mmoja: namna familia ya watu wanne ilivyochagua mfumo wa tovuti, hoja zote, marekebisho yote, kura, na kosa lao. Mwisho kulikuwa na mstari mmoja wa mwandishi: "Spika, ambaye ndiye mwandishi, hakuuliza tovuti ni ya nani."

Mzee Fabian alimtumia Violeth anwani. Kisha akaanza kujuta. Alijiona amejivua nguo mbele za watu. Saa nane ikapita. Saa kumi ikapita. Jumamosi kimya, na Jumapili hata kanisani hakusikia mahubiri.

Jumatatu simu ikaita.

"Mzee Fabian," alisema Violeth, "kamati ilisoma muhtasari wako kwa sauti. Tulicheka mpaka mwenyekiti akaomba maji. Kisha akasema mwandishi anayeandika hata kosa lake mwenyewe, huyo ndiye tunayemtaka Chemba. Kikao cha kwanza ni Jumatano ijayo. Utaweza?"

Mzee Fabian alisema ndiyo. Akasema tena ndiyo. Kisha machozi yakamtoka, na hakuona haya.

Kule Chemba watu sitini walikaa ukumbini. Wakulima walikaa upande mmoja na wafugaji upande mwingine. Walizungumza kutwa nzima. Mwishoni waliafikiana kwamba muhtasari uwekwe kwenye tovuti ya mwandishi, ili na walioachwa machungani na mashambani waupate. Kesho yake asubuhi Mzee Fabian aliuandika akiwa pale pale Chemba, kwa simu yake, akabonyeza.

Haikupita saa moja akaja mzee mmoja mrefu na fimbo yake. Alikuwa Mzee Masudi, mfugaji mwenye miaka zaidi ya sabini. Mkononi alikuwa na simu ndogo yenye ufa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mzee Fabian.

"Marahaba. Mjukuu wangu amenisomea. Umeandika kwamba mimi nimesema wafugaji watatoka bondeni wakati wa mavuno."

"Ndivyo ulivyosema."

"Sikusema hivyo tu. Nilisema tutatoka, tukionyeshwa njia ya kupitisha ng'ombe kwenda majini. Umeacha nusu. Wenzangu wakisikia nusu hiyo, watasema nimewauza."

Mzee Fabian alifungua daftari haraka. Maneno yote yalikuwamo, yameandikwa kwa mkono wake. Aliyaacha nje wakati wa kufupisha. Mzee wa Nukta alikuwa ameacha nusu ya ahadi ya mtu, na watu wangeweza kupigana kwa ajili ya nusu hiyo.

Lakini hakuwa na wa kumsubiri. Hakumwita Lea, wala Octavian, wala Rubina. Alikaa kwenye jiwe, akafungua ukurasa, akaongeza maneno yaliyokosekana. Akahifadhi. Chini yake akaandika kwamba muhtasari umesahihishwa, na saa ya kusahihishwa.

"Fungua tena kwenye simu yako, mzee."

Ukurasa ukafunguka kwenye ile simu yenye ufa. Mzee Fabian akamsomea neno kwa neno, taratibu. Mzee Masudi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Soma tena," alisema.

Akasoma tena.

"Hayo ndiyo maneno yangu," alisema Mzee Masudi. Akakaa kwenye jiwe kando yake, akaweka fimbo chini. "Nimekwenda vikao vingi. Hii ni mara ya kwanza naonyeshwa nilichosema. Mwezi ujao utakuja wewe?"

"Nitakuja."

"Njoo. Bado nina mengi."